Kwa mnaoanza kusoma jeni za saratani za virusi: anzeni na seli yenye afya

Wadogo zangu mnaoingia maabara za Upanga, Dar es Salaam, mwaka huu, karibuni sana. Kila mara namwona mwanafunzi mpya akihangaika kukariri orodha ya jeni hizo: src, ras, erbB, sis. Ikifika mitihani, majina yamemchanganya. Achaneni na orodha. Jueni kwanza ishara ya kukua inapita wapi katika seli yenye afya: kichocheo cha ukuaji (growth factor) kinashika kipokezi kwenye utando, kipokezi kinaamsha protini za ndani, ujumbe unafika kwenye kiini, seli inagawanyika. Ukikutana na jeni ya kirusi, jiulize imeingilia hatua ipi, na kwa nini ishara haizimiki tena.

Kaeni na src muda mrefu kuliko nyingine. Mwaka 1911 Peyton Rous alisaga uvimbe wa kuku, akauchuja hadi isibaki seli hata moja, akawadunga kuku wengine maji yake, nao wakaota uvimbe: kirusi kilikuwa kimepita kwenye chujio, na src ni jeni yake. Mwaka 1976 kundi la Bishop na Varmus likaonyesha kwamba jeni hiyo asili yake ni kuku mwenyewe. Kirusi kiliinyakua tu. Sasa tazameni tofauti yenyewe. Src ya kuku, kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine, ina tairosini (aina ya asidi amino) namba 527, karibu kabisa na mwisho wa mkia. Tairosini hiyo ikibandikwa fosfeti, mkia unajikunja na kuibana protini kama komeo, kimeng'enya kinatulia. Src ya kirusi imepoteza kipande hicho. Haina pa kufungiwa, basi inabandika fosfeti kwenye protini nyingine usiku na mchana.

Ukilielewa hilo, erbB haikusumbui: ni kipokezi kilichokatwa sehemu ya nje, kinachoamrisha bila kichocheo. Sis ni kichocheo chenyewe. Ras, swichi ya ndani ya seli inayowashwa na molekuli ya GTP, inashindwa kuivunja GTP hiyo, kwa hiyo haizimiki.

Wengi hudhani virusi vyote vya saratani ya binadamu hufanya vivyo hivyo. Hapana. HPV (virusi vya papiloma), chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi inayowaleta wanawake wengi hospitali ya saratani ya Ocean Road, havikunyakua jeni ya namna hiyo. Protini yake ya E6 husababisha p53 ivunjwe, ile ya E7 huishika Rb, zote mbili breki za seli, na seli inaanza kugawanyika bila kuamriwa. Kirusi cha Kaposi, kinacholeta saratani ya Kaposi, ndicho kinachonivutia zaidi: kimebeba kipokezi kinachofanana na vya kwetu, kisichongoja chochote. Seli inatoa protini iitwayo VEGF, na VEGF huchochea mishipa midogo ya damu kuchipua. Mkiona mabaka ya zambarau miguuni mwa mgonjwa, kumbukeni kipokezi hicho.

Na mkishika chupa za seli: HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara, zina HPV 18 (aina moja ya HPV) ndani yake. Ukizitumia kama mfano wa seli ya kawaida unapopima p53, jaribio limeharibika kabla hujawasha mashine. Muulize msimamizi wako seli zimetoka wapi na zimebeba nini, siku ileile unapokabidhiwa.