Mama Mkwe Wako Amekosea Jina la Tatizo, Hakukosea Kuliona

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Morogoro na mume wangu, na binti yetu wa pekee anatimiza miaka 2 mwezi huu. Mimi nina ujauzito wa miezi 5, na mtoto nilimwachisha ziwa siku ile ile nilipojua kwamba nimeshika mimba. Mwezi uliopita mama mkwe wangu alikuja kutoka Muheza, akampakata mtoto na kutamka mbele ya wageni kwamba tumembemenda, yaani tumemdhoofisha kwa kushika mimba nyingine mapema. Niliona aibu kubwa. Mume wangu alinyamaza, na wageni walipoondoka akaniambia tumpeleke mtoto kliniki. Juzi amerudia kusema tumpeleke kliniki, kana kwamba naye anaamini maneno ya mama yake. Mtoto wangu haumwi. Anacheza na kuongea, ila ni mchaguzi wa chakula. Asubuhi anakunywa uji wa lishe kwenye chupa, mchana dada wa kazi anampa anachotaka, na usiku nikirudi kazini mara nyingi ninamkuta amelala. Nimempima kwenye mizani ya duka la dawa akawa na kilo 9.6, na kadi yake inaonyesha kilo 9.5 alipochanjwa akiwa na miezi 18, kwa hiyo hajapungua. Kwetu sote ni wembamba. Sasa mama mkwe anapiga simu kila siku akitaka mtoto akakae kwake mpaka nijifungue. Je, nina haki ya kukataa? Na kuna dawa gani nzuri ya kumwongezea hamu ya kula?

Mama Mwenye Wasiwasi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Kusemwa mbele ya wageni kunauma, na mama mkwe wako alipaswa kukuita chumbani akakueleza mkiwa wawili. Hilo nimelisema na sitalirudia, kwa sababu ndani ya barua yako kuna jambo zito kuliko aibu uliyoipata, nalo umelipita kwa haraka mno.

Umeandika kwamba mtoto alikuwa na kilo 9.5 akiwa na miezi 18, na sasa anapotimiza miaka 2 ana kilo 9.6, kisha ukajipa moyo kwamba hajapungua. Mtoto wa umri huo hatuombi asipungue, tunataka aongezeke. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006, binti wa miezi 18 huwa na wastani wa kilo 10.2, na akifikisha miezi 24 huwa na kilo 11.5, yaani katika miezi hiyo 6 anapata kilo moja na robo au zaidi kidogo. Wako amepata gramu 100. Tena hukuniambia kama ulimvua nguo na viatu kabla ya kumpandisha kwenye mizani hiyo ya dukani, na gauni pamoja na viatu peke yake vinatosha kuleta gramu hizo zote.

Sitaki ulale na hofu isiyo na msingi. Binti wa miaka 2 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu akiwa chini ya kilo 9, na wako bado yuko juu ya hapo, kwa hiyo kwa uzito huo peke yake hakuna anayeweza kukwambia kwamba una mtoto mwenye utapiamlo mkali. Hata hivyo kadi ya kliniki haisomwi kwa nukta moja. Husomwa kwa kufuata mstari unaounganisha nukta za mwezi hadi mwezi, na mstari unaopanda, hata kama uko chini ya wastani, ni wa mtoto anayekua. Mstari uliolala kwa nusu mwaka unaeleza kwamba kuna kitu kimemsimamisha. Mstari wa binti yako umelala, nawe hukuuona kwa sababu baada ya chanjo ya miezi 18 uliifungia kadi kabatini, kama wafanyavyo akina mama wengi wanaodhani kwamba kliniki ni sindano tu, ilhali mtoto anapaswa kuendelea kupimwa mpaka afikishe miaka 5.

Hoja yako kwamba ukoo wenu ni wembamba nimeisikia, na haitoshi. Viwango hivyo vilipatikana kwa kuwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watu wa maumbile tofauti kabisa, na ikaonekana kwamba watoto wadogo wakinyonyeshwa vizuri, wakalishwa vizuri na kukingwa na maradhi, hukua kwa namna inayokaribiana sana popote walipo. Mtoto aliyerithi wembamba huwa mwembamba tangu mwanzo na huendelea kupanda taratibu kwenye mstari wake wa chini. Harithi kusimama ghafla akiwa na mwaka mmoja na nusu. Wako alikuwa akipanda vizuri, kwa maana kilo 9.5 kwa miezi 18 si uzito wa kuutilia shaka.

Sasa tuzungumze kuhusu kubemenda, neno lililokuchoma kiasi kwamba hukutaka tena kumtazama mtoto mwenyewe. Wazee wetu wanaamini kwamba wazazi wakikutana wakati mtoto ananyonya, au mama akishika mimba nyingine mapema, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Imani hiyo kwa habari ya maziwa haina ukweli. Maziwa ya mama mjamzito si sumu, na mwanamke mwenye afya njema ambaye mkunga hajamkataza anaweza kunyonyesha huku amebeba mimba, ingawa maziwa yenyewe hupungua. Lakini lisemwalo lipo. Wazee hawakuwa na mizani wala kadi, bali walikuwa na macho, na kwa vizazi vingi waliona kwamba mtoto ambaye mama yake ameshika mimba mapema hukonda. Waliloliona ni kweli. Sababu ndiyo waliyoikosea, kwa kuwa kinachomkondesha mtoto huyo ni kukatiwa ziwa bila kupewa chakula cha kushika nafasi yake, pamoja na mama kuchoka na macho ya nyumba nzima kuhamia kwenye tumbo.

Soma tena barua yako kwa jicho hilo. Mtoto alikuwa akipanda vizuri, ukashika mimba, ukamwachisha ziwa kwa siku moja, na leo mstari umelala. Katika mwaka wa pili wa maisha, maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto karibu theluthi moja ya nguvu anayoihitaji kwa siku, na ushauri wa afya ni kuendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 na kupita, sambamba na vyakula vingine. Theluthi hiyo uliiondoa asubuhi moja. Uliweka nini mahali pake? Barua yako ndefu ina sentensi moja tu kuhusu chakula cha mtoto, na sentensi hiyo inanieleza kwamba mchana hujui anachokula na usiku hushuhudii kama amekula.

Chukua huo uji wa lishe. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa, hata iliyotobolewa kwa mkasi, ni uji mwepesi, na uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo. Tumbo la mtoto huyo hujaa kwa kikombe kimoja, akashiba maji, kisha mnasema ni mchaguzi. Tupa chupa. Uji wake uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika, utiwe karanga zilizosagwa laini au maziwa, na kijiko kidogo cha mafuta. Ukiona umekuwa mzito mno kumezeka, fanya kama bibi zetu walivyofanya na kama watafiti wetu wa lishe walivyokuja kuthibitisha miaka ya 1980: koroga kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi ndani ya uji uliopoa kidogo, nao utalainika bila kuongezewa maji, kisha urudishe jikoni uchemke tena. Wala usidanganywe na pakiti inayojisifu kwa nafaka nyingi. Unga wa mahindi na karanga vilivyovunda huweza kubeba sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na inahusishwa pia na watoto kudumaa; ni afadhali unga wa vitu viwili au vitatu ulivyovichambua kwa mikono yako.

Na hicho “anachotaka” anachopewa mchana, mimi nakijua bila kufika kwako. Ni biskuti, juisi ya pakiti na chai ya rangi yenye sukari, vitu vinavyomwondolea njaa kabla ya chakula kufika. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msichana wa kazi simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha, na mtoto anayelia akitaka biskuti humshinda hata mtu mzima. Kaa naye Jumamosi nzima, mpike pamoja, mwonyeshe kwamba mtoto wa umri huu anakula milo 3 au 4 kwa siku na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, katika sahani yake peke yake, simu ikiwa imezimwa, mtu akiwa amekaa mbele yake kwa upole. Kila siku pawepo yai, au dagaa waliosagwa, au maharage yaliyopondwa, pamoja na mboga, tunda na kikombe cha maziwa. Morogoro hamna shida ya ndizi, wala ya mchele wa Kilombero, wala ya parachichi, na usifikiri kwamba wingi wa chakula sokoni unamkinga mtoto. Mkoa wa Iringa ni ghala la taifa, ila utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa huko walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Mumeo nitamtetea waziwazi. Wewe umeandika kwamba alinyamaza, kisha mwenyewe ukanieleza kwamba amesema mara mbili mtoto apelekwe kliniki. Huyo hakunyamaza. Alikataa kugombana na mama yake mbele ya wageni, akangoja mbaki peke yenu, akasema neno moja la maana, nawe ukalisikia kama tusi kwa kuwa lilitoka kinywani mwa mtoto wa mama yule. Ndoa nyingi za leo zimefika hapo: afya ya mtoto imegeuzwa kuwa kesi ya kuamua nani ni mama bora, kila ushauri unapokelewa kama shutuma, na wakati watu wazima wanashindana mtoto anaendelea kulala na njaa ndogo ambayo hawezi kuitaja. Ungenieleza kwamba mumeo hajali, ningemkemea. Huyu anajali, na kosa lake ni kusubiri ruhusa yako badala ya kumbeba mwanawe na kwenda naye.

Kuhusu dawa ya kuongeza hamu ya kula, jibu langu ni hapana, na usinunue hata chupa moja. Baadhi ya dawa zinazouzwa kwa jina hilo humlaza mtoto usingizi, na zile zinazochanganywa na steroidi hutunisha mashavu kwa maji, ukafurahia unene usiokuwepo. Hamu ya kula iliyopotea ina sababu, na sababu hutafutwa kwa vipimo.

Kwa hiyo Jumatatu omba ruhusa kazini, mwende kliniki wote wawili na kadi. Mtoto apimwe bila nguo uzito na urefu, na mkono wake wa juu upimwe kwa ule utepe wa rangi. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji kuandikishwa kwenye huduma ya lishe, na chini ya 11.5 hali ni kali na matibabu yaanze siku hiyo hiyo. Waulize kuhusu upungufu wa damu, minyoo, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, bila aibu yoyote, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumsimamisha mtoto anayekula vizuri. Waulize pia kama alipata matone ya vitamini A katika miezi 6 iliyopita. Baada ya hapo apimwe kila mwezi kwa mizani ile ile. Ikiwa kabla ya Jumatatu atakataa kula kabisa, au atatapika kila kitu, au atalegea, au ukimbonyeza miguu kwa kidole gumba shimo likabaki, usingoje. Nenda hospitali usiku huo huo.

Umeniuliza kama una haki ya kukataa mtoto asipelekwe Muheza. Unayo, nami nakuunga mkono katika hilo moja. Mtoto aliyekatiwa ziwa ghafla miezi michache iliyopita hapaswi tena kuondolewa kwa mama yake, na kliniki iliyoanza kumfuatilia ndiyo inayopaswa kuendelea naye. Lakini kukataa peke yake hakutoshi, maana nyumba yako haina mtu mzima anayekaa na huyo mtoto mchana, wewe una mimba ya miezi 5, na mwanamke aliyegundua tatizo kwa kumpakata mjukuu mara moja tu ndiye hasa unayemhitaji jikoni kwako. Mpigie leo wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Mwamkie, mwambie kwamba umeiangalia kadi na umeona mtoto hajaongezeka, mweleze kwamba neno lile mbele ya wageni lilikuumiza, kisha mwombe aje akae nanyi mpaka ujifungue. Nauli yake mtumieni ninyi.