Pampu iliyowashinda mafundi wenzangu, mimi nikaimaliza na kidaftari

Wiki iliyopita dogo mmoja anayesoma ufundi umeme kanitumia meseji, "shikamoo kaka, hivi mtaani mnazitumia kweli zile fomula au ni za kujibia mtihani tu?" Nikamjibu kwa sauti ndeefu mpaka mke wangu akauliza naongea na nani usiku wote huo. Naiweka na hapa maana najua mpo wengi mnaotaka kujitegemea kwa huu ufundi.

Jibu: natumia kila siku. Volti gawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani, jinsi waya au kifaa kinavyoubania umeme; volti zidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu. Basi. Mjerumani Georg Ohm aliichapisha ile ya kwanza tangu 1827, na mpaka leo kuna fundi yuko site miaka na miaka anakisia.

Sasa sikia. Juzijuzi nimeitwa shamba kwa mzee mmoja nje kidogo ya Morogoro, ana pampu ya sola ya volti 12, inazunguka kivivu, maji yanafika kwenye tanki kwa kudondoka. Kabla yangu walishapita wenzangu, mmoja akasema betri imekufa akamnunulisha mpya, mwingine akasema pampu feki. Mzee aliponiona natoa mita na kidaftari akaguna, "na wewe ni wale wa kuandika?" Nikanyamaza, nimeshazoea. Enzi nafanya deiwaka kwa bosi wangu wa zamani walikuwa wananiita Profesa, na haikuwa sifa, unafika site unaambiwa Profesa kachanganye zege.

Nikamwambia mzee washa pampu. Kwenye betri nikasoma volti 12.4. Nikashuka mpaka kisimani, pale waya zinapoingia kwenye pampu yenyewe, 9.6! Ampea nikapata 7 kwa klampu, ile mita ya kubana waya kwa nje bila kuukata, na iwe klampu inayosoma DC, umeme wa betri na sola, maana nyingi za bei poa zinasoma AC tu, ule wa nyumbani, utapata sifuri udhani mita mbovu.

Kwa hiyo volti 2.8 zimeishia njiani. 2.8 gawanya kwa 7 ni omu 0.4, hiyo ni ya waya tu. 2.8 zidisha kwa 7 ni wati 19.6, zinapasha waya joto bure, huku pampu inaambulia 9.6 mara 7, wati 67. Nikaukagua waya, mm 1.5 (za mraba, unene wa kopa), mita 16 kwenda na 16 kurudi. Kopa ya mm 1.5 ina kama omu 12 kwa kilometa, kwa mita 32 inakuja 0.39. Mita na hesabu vimekubaliana, betri haina kosa na pampu haina kosa. Tukaweka waya wa mm 6, pampu ikavuta ampea 8 na kule kisimani ikasoma 11.6, yaani wati kama 93, maji yakaanza kuingia kwenye tanki kwa fujo. Mzee kasimama anaangalia, kisha ananiuliza taratibu, "kijana wangu, sasa ile betri niliyonunua?" Ningemjibu nini?

Na najua kabisa jamaa walikosea wapi. Walipima pampu ikiwa imezimwa. Ampea zikiwa sifuri waya hauli volti hata moja, kwa hiyo kisimani unasoma sawasawa na kwenye betri, unaona umeme upo wote, unahukumu pampu. Jamani pimeni kitu kikiwa kinafanya kazi! Pima, andika, gawanya. Halafu pima tena.

Hata nyumbani ni vilevile. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampea 8.7, 230 gawanya kwa 8.7 ni kama omu 26.5. Jioni umeme ukishuka mpaka 180, omu zinabaki palepale, ampea zinakuwa 6.8 na wati zinaanguka mpaka kama 1,220. Chai inachelewa, mtu anaenda kununua birika jipya, na lenyewe linachelewa vilevile. Watu wanatupa hela kwa uvivu wa kugawanya namba mbili, halafu wanakuita wewe unayegawanya unajifanya msomi.

Ila msichukue volti na ampea za pampu inayozunguka mkagawanya mkasema hiyo ndiyo omu ya koili. Mota ikizunguka inatengeneza volti zake za kupinga, jibu litakudanganya. Waya, pasi, birika, hizo sawa. Na mita ikiwa kwenye omu isiguse kitu chenye umeme, kama hutaki kuilipua. Ampea kama huna klampu unaikata njia unaipitisha ndani ya mita, huichomeki kwenye tundu mbili za soketi kama unavyopima volti, hapo utaona moto kweli.

Mnaoniuliza mita gani ya kununua, yoyote yenye klampu ya DC inatosha, hata ya mkononi kwa mtu. Ukichukua mita ya kawaida iliyotumika, ifungue kwanza kabla hujatoa hela uangalie kama fyuzi ni fyuzi kweli, au kuna mtu kaunga kipande cha waya.