Programu sawa, ila kitabu kiende nyumbani

Mmeuliza wiki hii programu za maktaba za umma zinaisaidia nini jamii. Mi naanzia kwingine kidogo: hivi mnajua maktaba zetu zinajazwa na akina nani? Nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, Dar, mitihani ya taifa ikikaribia uone kama utapata kiti. Wengi ni watu wanaorisiti, yaani wanarudia mtihani wa fomu foo, wamekuja na pasti pepa na madaftari yao, vitabu vya kwenye shelfu hata hawavigusi. Wanatafuta meza, taa na utulivu, maana nyumbani chumba kimoja mnalala watu watano na jirani kafungulia singeli. Mi nilirisiti hivyohivyo, ndo maana nikisikia sijui saa ya hadithi, sijui klabu ya watoto, nawaza kelele tu. Hiyo hela nunueni viti.

Sasa kuna Jumamosi moja, maktaba ya mkoa siitaji, watoto walikuwa kwenye chumba chao wanaimba weee mpaka kijana mmoja wa meza yetu akaenda kuwaambia wapunguze sauti, akakaa huko harudi, nikamfuata. Nikakuta mkutubi sauti imemkauka kabisa kwa mafua, kitabu kashika bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake. Miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Anafuata mstari kwa kidole, akifika neno refu analikata vipande, a-ka-m-da-nga-nya, halafu analirudia lote kwa mkupuo, na watoto wanamsubiri! Hakuna aliyecheka. Yule kijana kasimama mlangoni pasti pepa mkononi, anasikiliza habari za sungura na fisi.

Baadaye bibi akatuambia alijifunza kusoma kwenye kisomo, enzi zile Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kijijini kwao walikuwa na maktaba ndogo, kabati tu, ilipokufa akabaki na Biblia basi. Wenye umri wetu mnajua, zile maktaba za vijiji ziliwekwa ili mtu akishajua kusoma apate cha kusoma asije akasahau.

Halafu sasa, bibi akaomba aondoke na kile kitabu amalizie na mjukuu nyumbani. Akaambiwa kuazima mpaka uwe mwanachama, ulipie ada. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya nauli. Akakirudisha mezani taratibu, akakinyoosha na jalada, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Hapo roho iliniuma, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nilianza kuandika nikitaka kuwajibu kwamba hizo programu hazina faida, siwezi tena. Zina faida, na kubwa, maana bila ile saa ya hadithi yule bibi asingeshika kitabu mbele za watu. Ila hao watoto wawekeni mbali na ukumbi wa kusomea, hilo silegezi, wanaorisiti nao ni jamii. Na siku ya programu mtoto aazime bure hata kijitabu kimoja, jina liandikwe daftarini na namba ya simu ya mzazi. Najua vingine vitapotea. Vipotee tu, kuliko vikae kwenye shelfu vinapigwa vumbi na bibi wa watu anarudi mikono mitupu.