Maswali ya bustani: miti ya stara, na lime isiyozaa ndimu

SWALI: Shikamoo mama. Niko Leicester huku Uingereza mwaka wa saba sasa, tuna kibustani nyuma ya nyumba na fensi ya mbao ya mita 2, tulikuwa tunakaa nje na mabinti zangu bila mitandio wala wasiwasi. Mwaka jana jirani wa nyuma kajenga chumba darini na dirisha linatazama uani kwetu moja kwa moja, basi tumehama nje kabisa. Nimeenda kitaluni wakanionesha miti yenye shina tupu halafu juu matawi yametandazwa kama jamvi, kibao kimeandikwa lime, nikafurahi nikajua mindimu hii, napata stara na ndimu za achari humohumo. Mume wangu kasema bei ni kubwa, tuulize kwanza. Je, itazaa huku? Na itatufunika kweli?
Mama wa watatu, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu, na mumeo msikilize maana kakuokolea pesa, au tuseme kakuokolea masikitiko, kwa sababu mti wenyewe ni mzuri ila ndimu hutaziona. Lime ya kibao kile sio mndimu, ni Tilia, jina limefanana tu, limetokana na neno la zamani la Kiingereza lililo ndugu na Linde ya Wajerumani, ndio ile miti ya ile barabara maarufu ya Berlin, Unter den Linden. Ukitaka kujua ukoo wake basi shangaa na mimi, yuko ukoo mmoja na bamia, choya, pamba na mbuyu! Mi nilivyoambiwa sikuamini mpaka nilipoona gome lake linavyochunwa nyuzi, wazee wa huko walisokota kamba kama wazee wetu walivyosokota za gome la mbuyu. Jani lake lina umbo la moyo, na mwezi wa sita kuingia wa saba linatoka ua dogo la rangi ya maziwa lenye harufu tamu, nyuki wanavuma mti mzima, na watu wanalikausha wanywe kama chai.

Sasa stara. Watu watakwambia usipande huo maana unapukutisha majani, utabaki fito tupu miezi mitano, panda wa kijani mwaka mzima. Mimi nakwambia hapana, fikiria mnakaa nje lini. Majani yanatoka mwezi wa nne na kukamilika wa tano, yanaanguka wa kumi, wa kumi na moja yamekwisha, na hiyo ndiyo miezi yenu ya kukaa uani, nani anatoa mkeka nje Januari huko Leicester? Afu siku fupi za baridi zikija miti iko wazi na kale kajua kadogo kanapenya mpaka jikoni kwako. Na kuna la sheria pia. England na Wales wana sheria ya mwaka 2003 inayomruhusu jirani kulalamika kaunsili ukipanda safu ya miti ya kijani mwaka mzima ikapita mita 2 na kumzibia mwanga, ila safu ya lime haimo kwa sababu inapukutisha. Fensi ya mbao nayo ukiipandisha zaidi ya mita 2 unaingia kwenye kuomba kibali, mti hauombewi.

Kabla hujalipa chochote fanya hivi: kaa pale pale unapokaaga siku zote, mpe binti yako mwanzi mrefu umefungwa khanga juu, atembee nao taratibu huku na huku mpaka ile khanga ilifunike lile dirisha machoni pako. Pale aliposimama ndipo mahali pa mti, na ilipofika khanga ndio urefu unaoutaka. Utashangaa, dirisha likiwa juu na wewe uko chini basi safu ikisogea karibu na kiti chako haihitaji kuwa ndefu sana, ila ukiibandika kule kwenye fensi itabidi iwe ndefu zaidi, na watu wengi wananunua miti 6 ya kuzungusha fensi nzima wakati miti 3 mahali sahihi ingetosha. Ile ya kitaluni mara nyingi shina tupu ni kama mita 1.8, lile jamvi la matawi linaanzia hapo na kupanda juu, kwa hiyo linakaa juu ya fensi yako na chini bado unapita, unapanda maua, unaanika nguo.

Kuchagua aina, omba Tilia cordata au Tilia platyphyllos, hii ya pili ipo inayoitwa Rubra, vitawi vyake vya baridi vinakuwa vyekundu na vinapendeza mno majani yakishakwisha. Ile ya kawaida ya barabarani, Tilia x europaea, usikubali hata kwa bei ya chini, inatoa maotea shinani kila mwaka na utayakata mpaka uchoke. Na sio mti wa kuuacha ujiendee, usipopogolewa unaweza kupita mita 30, na unakunywa maji mengi, kwa hiyo kama udongo wenu ni wa mfinyanzi usiupande karibu na ukuta wa nyumba, muulizeni fundi anayejua misingi kwanza.

Pesa ikiwa ndio tatizo, nunua miche myembamba yenye mizizi mitupu, inauzwa kuanzia Novemba mpaka Machi na bei yake ni nafuu sana, panda kila baada ya mita 1.5 hivi au 2, simika nguzo imara, vuta waya tatu au nne za kulala, halafu wewe mwenyewe ndio fundi. Nilifanya kazi hii baridi nne kwenye kitalu cha Kent na bado vidole vinakumbuka, unashika kitawi cha mwaka huu kikiwa bado chepesi, unakilaza taratibu kwenye waya, ukisikia kinalia kidogo unasimama hapo hapo, unafunga kwa uzi laini uliozungushwa mfano wa nane ili kisibanwe, wiki nyingine unakilaza tena. Vinavyoota kwenda mbele au nyuma unavikata, kazi ya kipindi cha baridi hiyo, na kiangazi unapunguza vilivyozidi. Itachukua miaka 4 au 5 ifunike, ndio, lakini miaka 2 ya mwanzo usiinyime maji kiangazi, ndipo wengi wanapoua miti yao. Ukipata nafasi nenda Kent, bustani ya Sissinghurst, kuna njia nzima imepangwa lime za namna hii, uone kwa macho.

Na ndimu zako zisikupite: nunua mndimu mmoja kwenye chungu, kiangazi utoke nje, baridi ikianza uingie ndani dirishani penye mwanga. Barafu inauua.

SWALI: Mama, naegesha gari chini ya miti hiyo hapa Hamburg, gari zima linanata, tatizo nini?

JIBU: Vidukari, mwanangu. Wanafyonza majani na kudondosha majimaji matamu, afu ukungu mweusi unaota juu yake. Osha mapema na maji ya uvuguvugu kabla hayajakauka, au egesha kwingine Juni na Julai. Na wewe wa Leicester umesikia, meza ya chakula usiiweke chini yake.

SWALI: Salaam mama. Nina kiwanja Pongwe, Tanga, nataka uzio wa mindimu badala ya michongoma. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana sana na mimi naupenda, miba yake mbuzi hapiti na mwizi anafikiria mara mbili. Otesha mbegu, mndimu wa mbegu kwa kawaida unafanana na mamaye, panda kila baada ya mita 1 na uanze kukata ncha mapema ili utanuke chini. Ila jua ndimu zinabebwa kwenye machipukizi mapya, ukiunyoa pande zote hupati kitu, kwa hiyo upande wa barabarani nyoa, wa ndani uache uzae. Pasituame maji. Na kwenye majani machanga angalia kitu kama kinyesi cha ndege, kiguse na kijiti: kikitoa vipembe viwili vyekundu na harufu kali ujue ni kiwavi wa kipepeo, hao wachache wanamaliza mche kwa siku mbili. Watoe kwa mkono asubuhi, dawa hauhitaji.