Shule inaisha, kumbukumbu tuziweke wapi? Maswali ya wasomaji

Msimu wa mahafali ya Kidato cha Nne umefika, na mtihani wa Taifa wa Novemba unabisha hodi. Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: miaka minne hii itabaki vipi? Tumechagua barua tano.

Shikamooni wahariri. Nimeteuliwa kusoma risala ya wahitimu. Mwalimu amenipa ya mwaka jana niifuate: historia ya shule, mafanikio, changamoto, maombi, shukrani. Sioni pa kusema jinsi tulivyoishi hapa. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Morogoro*

Marahaba. Mpangilio huo usiuvunje, kwa sababu uongozi wa shule unaitegemea risala kufikisha maombi yake kwa mgeni rasmi. Kinachowezekana ni kupunguza maneno yasiyo na kazi. Ukisoma kwa utulivu, ukiwapa watu nafasi ya kupiga makofi, utasoma maneno kama 100 kwa dakika. Ukipewa dakika saba, una maneno 700. Historia ya shule itoshee kwenye maneno 60, maana mkuu wa shule ataieleza tena kwenye taarifa yake. Changamoto ziwe tatu, kila moja na takwimu yake: madawati mangapi yamepungua, matundu ya vyoo mangapi kwa wanafunzi wangapi. Changamoto tisa zilizotajwa kwa jumla hakuna anayeondoka nazo. Hapo utakuwa umeokoa maneno 200, na hayo ndiyo yako.

Yaweke mara tu baada ya idadi ya wahitimu. Sentensi ya "tulianza Kidato cha Kwanza tukiwa kadhaa, leo tunahitimu kadhaa" huwa inasomwa haraka kama hesabu ya duka, ilhali ndiyo mlango wa kumbukumbu zote: kuna waliohama, walioacha, pengine na aliyefariki. Ukitaka kumtaja marehemu, pateni kwanza ridhaa ya wazazi wake, kwani huenda wakawa wamekaa hapo hapo chini ya turubai.

Kisha chagua mambo matatu, yasizidi. "Tuliishi kama ndugu" haitoshi. Sema foleni ya maji bombani saa kumi alfajiri, ndoo zimepangwa na wenye ndoo wamerudi kulala. Sema rimu ya lori iliyotundikwa mwarobaini ikawa kengele. Sema prepo ya usiku umeme umekatika na mtu mmoja anasoma kwa sauti ili wote wasikie. Kipimo ni hiki: sentensi ambayo ingesomwa kwenye mahafali ya shule jirani na mtu asishtuke, ifute. Utani kuhusu mwalimu mwonyeshe mwenyewe kabla ya siku. Akicheka, usome, akinyamaza, uutoe.

Chapa nakala mbili, maana moja utamkabidhi mgeni rasmi ukimaliza. Ya kwako iwe na herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, kurasa zimeandikwa namba. Upepo wa uwanjani hauna adabu, na msomaji aliyepoteza ukurasa wa tatu hujulikana hadi jikoni.

Mpiga picha anakuja siku ya mahafali. Tuko 48 na tunataka picha ya darasa zima itakayodumu. Wenzangu wanasema tuitie laminesheni. Ni sawa?
*Kiranja wa darasa, Tanga*

Laminesheni hapana. Ile plastiki hushikishwa kwa gundi inayoyeyushwa na moto, na ikishashika haitoki bila kuing'oa picha. Ukingo ukikatwa vibaya, unyevu unaingia na hauna pa kutokea. Albamu za kurasa zenye gundi nazo ni hivyo hivyo: baada ya miaka ukurasa unageuka njano na picha haibanduki. Tumia albamu ya mifuko, au bahasha ya karatasi.

Tuanze na upigaji wenyewe. Watu 48 wanapangika vizuri kwa mistari minne ya 12: wa kwanza wamekaa chini, wa pili kwenye mabenchi, wa tatu wamesimama, wa nne wamesimama juu ya mabenchi mengine. Pigeni saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Saa sita jua liko utosini, macho yote yanakuwa mashimo meusi, na kofia za majoho zinazidisha kivuli. Chini ya mti majani yanatia madoa ya mwanga usoni, kwa hiyo kivuli cha jengo ni bora zaidi. Mpiga picha apige angalau mara tano bila watu kutawanyika, kwani kwenye kundi kubwa hivyo hakosi mtu aliyefumba macho.

Mwombeni faili lenyewe kwenye flashi, msikubali la kutumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Ili picha itoke safi kwenye karatasi ya A4 inahitaji takriban pikseli 3,500 upande mrefu. WhatsApp huipunguza hadi kama 1,600, chini ya nusu. Kwenye simu hutaona tofauti, ila ikichapwa nyuso za mstari wa nyuma zinakuwa ukungu. Kama hakuna njia nyingine, itumwe kama dokumenti, hapo haipunguzwi.

Sasa jambo ambalo karibu kila darasa hulisahau, nalo lina uzito kuliko yote tuliyosema: majina. Yaandikeni jioni ile ile, kabla watu hawajapanda mabasi. Mstari kwa mstari, kuanzia kushoto kwa mtu anayeitazama picha (liandikeni hilo wazi, maana kushoto kwa mtazamaji ni kulia kwa waliopigwa). Kila mtu majina matatu na jina la utani kando yake. Baada ya miaka ishirini wote mtamkumbuka "Chumvi", na hakuna atakayejua anaitwa nani kwenye kitambulisho. Waliokosekana siku hiyo nao waandikwe chini, na sababu kama inasemeka.

Msiandike kwa kalamu ya kawaida nyuma ya picha. Mgongo wa picha za siku hizi ni wa plastiki: wino haukauki haraka, unahamia kwenye picha ya chini yake. Andikeni kwenye karatasi ya kawaida, ikae bahasha moja na picha. Na kwa kuwa mko pwani, atakayeiweka kwenye fremu asiiache ikagusa kioo. Unyevu wa Tanga utaigandisha. Kipande cha kadibodi pembezoni, unene wa milimita mbili au tatu, kinatosha kuitenga.

Je, kuandikiana kwenye mashati siku ya mwisho kunafaa? Na wino ubakije?
*Mwanafunzi, Unguja*

Uliza kwanza shuleni kwako, maana shule nyingi zimepiga marufuku, na si bila sababu: matusi huandikwa mgongoni, na shati zima lingemfaa mdogo wako. Mkiruhusiwa, subirini mtihani wa mwisho uishe na utumie shati kuukuu. Lifue bila wanga, lipige pasi, weka kadibodi kati ya kifua na mgongo wino usipenye. Tumia maka ya kudumu yenye ncha nyembamba, kwani ncha nene hutambaa kwenye pamba. Liache siku nzima likauke, kisha lipige pasi kavu kwa ndani. Baada ya hapo usilifue tena.

Nataka kuanzisha daftari la kumbukumbu, kila mtu anijazie kurasa zake. Niulize nini?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mwanza*

Nunua kaunta buku la kwaya mbili, lenye kurasa 192. Darasa la watu 45 kwa kurasa mbili kila mmoja ni kurasa 90, na zilizobaki ni za walimu, matroni, mpishi na mlinzi, ambao husahaulika. Kalamu iwe ya bolpeni. Wino wa kalamu nyingi za jeli huchuruzika daftari likilowa.

Rangi uipendayo, chakula ukipendacho, timu yako: maswali haya hayana faida, majibu yake hubadilika kabla ya matokeo kutoka. Uliza jina lako la utani lilianzaje na nani alikupa. Ulikaa dawati la ngapi, na nani. Adhabu uliyostahili ni ipi, na ipi ulionewa. Chini kabisa weka kijiji au mtaa, kata na wilaya ya nyumbani, pamoja na jina la mtu anayejulikana pale. Namba ya simu ya kijana wa miaka kumi na minane hubadilika, lakini "kwa mzee fulani, karibu na mashine ya kusaga" itakufikisha. Anwani hizo ni siri ya waliokuamini, usizipige picha ukazirusha mitandaoni.

Usilitoe likalale bweni la wengine. Daftari lililotolewa kwa usiku mmoja hurudi limechanwa kurasa.

Mwanangu anarudi na tranka limejaa madaftari ya miaka minne. Hataki niyatupe, nami sina nafasi. Nihifadhi yapi?
*Mama wa mhitimu, Dodoma*

Mama, usiyatoe kufungia karanga kabla hajayapitia mwenyewe. Mpe mpaka wa nusu tranka. Notsi safi za Kidato cha Tatu na cha Nne ampe mdogo wake au jirani anayeanza. Zina thamani kwa mwingine. Yanayofaa kubaki ni machache: daftari la insha, lenye mkono wake na masahihisho ya mwalimu, moja la Kidato cha Kwanza, mwandiko ulivyokuwa, ripoti za mihula, na barua.

Tranka liwekwe juu ya matofali mawili, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, maana mchwa hupandia ukutani na kwenye sakafu. Lifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, na zaidi wakati wa mvua. Toa pini na klipu za chuma, huacha kutu kwenye karatasi.

Cheti cha mtihani kisiingie humo. Kikitoka, akachukue mwenyewe shuleni na kitambulisho chake, akague herufi za majina yote matatu kabla ya kusaini, kisha kikae na cheti chake cha kuzaliwa, ndani ya faili kavu, pamoja na nakala iliyoskaniwa kwenye barua pepe yake.