Penseli ya Baba, kalamu ya Mama

Wiki hii mmeuliza: ni kitu gani ulichorithi kilichokuonyesha wazazi wako usivyowajua? Changu ni Biblia moja ya Kiswahili, Union Version, ile tafsiri ya 1952. Jalada limechakaa, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa viatu.

Nilikulia Makongeni, Nairobi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama Mtaita, Baba Mmaragoli, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Kila Jumapili Mama alitupeleka kanisani, Baba akabaki kalala baada ya zamu ya usiku, au yuko kazini. Sikuwahi kumwona amepiga magoti. Nilikua nikiamini kwamba kwetu aliyeokoka ni Mama peke yake. Baba alipofariki nilimwuliza mchungaji atasema nini juu ya mtu asiyefika kanisani. Mama alikuwa amekaa pale pale, akanyamaza. Swali lile linaniuma mpaka leo.

Mwaka jana Mama naye alitutoka. Tulipofungua sanduku lake la bati, chini ya leso tukaikuta hiyo Biblia. Pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wa Mama, kalamu ya bluu. Na chini yake kuna penseli, herufi kubwa zilizosimama wima: mwandiko wa Baba. Mama kaandika, "Musa ana surua, tuombe." Penseli inajibu, "Nimeomba saa nane usiku, kazini." Ukurasa huo una alama ya kidole chenye grisi. Kumbe alikuwa akiibeba kwenye mfuko wa chakula, akiirudisha asubuhi!

Kwenye Zaburi ya 91 pana tarehe: 1/8/82. Ilikuwa Jumapili, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, risasi zikalia mjini, na Baba hajarudi kutoka zamu. Mama kaandika neno moja tu, "Mlinde." Chini yake, kwa penseli: "3/8. Nimefika. Nami nilikuwa nikiisema hii hii." Alikuwa akiisema bila kitabu, maana kitabu kilikuwa kwa Mama. Yaani aliijua kwa moyo, na sisi watoto wake hatukujua.

Katikati ya kurasa mlikuwa na bahasha za sadaka ambazo hazikutumika. Nyuma ya moja Mama alikuwa amepiga hesabu: "Mimi 5/-, Baba Musa 10/-." Miaka yote ile alipokuwa akitumbukiza bahasha kapuni, alikuwa akitoa za watu wawili.

Niliwapigia ndugu zangu wote jioni ile ile. Musa, ambaye sasa ana wajukuu, alikuja kutoka Kayole, akausoma ukurasa wa surua akiwa amesimama mlangoni, akatoka nje. Aliporudi aliniuliza kama anaweza kulala na hiyo Biblia usiku huo.