Maswali ya Wasomaji: Diski ya Mezani au ya Kubeba?

Swali: Napiga picha na video za harusi hapa Tanga. Shughuli moja hula gigabaiti 200 hivi. Diski zangu mbili za kubeba, terabaiti 1 kila moja, zimejaa. Dukani wananishauri nichukue ile kubwa ya mezani ya terabaiti 8, kwa kuwa ukigawanya bei kwa ukubwa ni nafuu. Umeme kwetu hukatika ovyo. Nichukue ipi?
*Mpiga picha, Tanga*

Jibu: Ndugu yetu, kuhusu bei hukudanganywa. Lakini cha kujiuliza kwanza ni diski hiyo itapata wapi umeme. Ya kubeba, yenye inchi 2.5 ndani yake, hutumia volti 5 zinazopita kwenye waya uleule wa USB. Umeme ukikatika, betri ya laptopu huishikilia hadi imalize kuandika. Ya mezani ni ya inchi 3.5, na mota yake inataka volti 12 kutoka adapta ya ukutani. Umeme ukienda, huzima hapohapo hata kama laptopu inawaka. Diski yenyewe mara nyingi hupona, maana vichwa vya kusomea hujirudisha mahali pake. Kinachoumia ni faili iliyokuwa ikiandikwa na, vibaya zaidi, orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Ukiichomeka tena, kompyuta inakuambia uifomati, yaani uipange upya kama tupu. Usikubali! Picha za watu bado zimo humo.

Kwa hiyo ukichukua ya mezani, nunua na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika. Diski ikishashika mwendo hutumia wati 10 hivi tu. UPS ya ukubwa wa VA 650 inatosha kabisa kumaliza kunakili na kuitoa kwa utaratibu. Kama unatumia Windows peke yake, ifomati kwa NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, kwa sababu huweka kumbukumbu ya mabadiliko na hujirekebisha baada ya kukatika umeme. Mpangilio mwingine, exFAT, hauna kinga hiyo. Utumie tu pale diski inapozunguka kati ya Windows na Mac. Na tia alama ya utepe kwenye adapta yake. Za laptopu nyingi ni za volti 19 na ncha yake huweza kuingia kwenye tundu lilelile. Ukikosea mara moja, umeunguza bodi.

Mwendo nao una tofauti. Ya mezani huandika megabaiti 180 hivi kwa sekunde, yaani harusi yako moja kwa dakika kama 20. Ya kubeba huanza na 110 au 120, kisha inachoka. Nyingi kati yake hupanga mistari ya data ikilaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha safu moja, lazima uinue zilizolala juu yake. Ndiyo maana faili za kwanza huenda mbio na za mwisho zinatambaa. Kwa kuhifadhi haina shida. Kuhariri video humo moja kwa moja ndiko kutakuchosha.

Hata hivyo, kama fedha yako inatosha diski moja tu ya terabaiti 8, ushauri wetu ni mbili za kubeba za terabaiti 4. Andika kazi ileile kwenye zote mbili, moja ilale studio na nyingine nyumbani. Kila moja itabeba shughuli kama 18. Na usifute kadi ya kamera kabla faili hazijafika kwenye diski zote mbili, kwa sababu harusi hairudiwi.

Swali: Diski yangu ya kubeba inalia tik-tik, inaonekana kidogo kwenye kompyuta kisha inapotea. Imekufa?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Huenda ina njaa ya umeme tu, dada. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski inapoanza kuzunguka huweza kutaka zaidi ya hapo. Badilisha waya kwanza: tumia mfupi, usiozidi nusu mita, na uuchomeke kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na adapta. Ikiwa ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma.

Ikiendelea kulia hivyohivyo kwenye kompyuta nyingine yenye waya mzima, basi huenda tatizo ni vichwa vya kusomea. Ichomoe na usiijaribu tena. Kila mzunguko unaweza kukwangua data. Usiigonge, usiitie kwenye friza, wala usimruhusu fundi kuifungua mezani, kwani chembe moja ya vumbi inatosha kuimaliza. Kama vilivyomo ni vya thamani, mpelekee mtaalamu wa kurejesha data ingali haijaguswa.